Mgongo umeshapasuliwa Dar, mwezi wa kwanza ukae wapi: Dar, Mtwara mjini au kijijini?

Nianze na jibu kabisa maana najua wengine mnasoma mmelala ubavu na simu imeegeshwa kwenye mto. Kama umetolewa kipande cha diski, ule mto ulio kati ya pingili za mgongo, tu bila kufungwa vyuma, na una ndugu Mtwara mjini au Lindi mjini mwenye choo cha kukaa na kipande cha ardhi ngumu ya kutembelea, nenda kwa huyo. Kama umefungwa vyuma, baki Dar angalau mpaka nyuzi zitolewe, hizo wiki mbili hivi, afu ndo uanze kufikiria safari. Kijijini ni chaguo la tatu, sio baya kama watu wa mjini wanavyolisema, ila lina masharti yake na nimeyaona yakimtesa mtu wangu wa karibu.

Mi ni fundi cherehani. Nimekaa miaka kama 20 kwenye stuli isiyo na egemeo nainamia mashine, mguu wa kulia ukaanza ganzi, nikapuuza, nikachuliwa, nikameza diklofenaki kama karanga, mpaka ikafika siku nashindwa kuinua kidole gumba cha mguu, natembea kandambili inaburuza chini. Picha ikaonesha diski ya L4/L5, yaani ya chini kiunoni, imechomoza inakandamiza mshipa wa fahamu. Mama mdogo alinitangulia mwaka mmoja, ila yeye pingili ilikuwa imeteleza kwa hiyo alifungwa vyuma na skrubu. Mi baada ya kutoka wodini nilikaa siku kumi kwa mdogo wangu Mbagala nikarudi Mtwara. Mama mdogo alitolewa siku ya sita akapelekwa moja kwa moja kijijini upande wa Tandahimba, mjomba ndo alisema mgonjwa wetu hawezi kufia kwa watu, na kwetu mjomba akishasema hivyo nani wa kubisha. Kwa hiyo hapa nalinganisha miili miwili na operesheni mbili tofauti, mlikumbuke hilo mnaposoma.

Kwanza ujue kazi yenyewe ni ipi

Watu wengi wanachagua mahali pa kukaa kwa kuuliza hospitali kubwa iko wapi. Mi naona hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili, kwa siku nzima nitasimama na kutembea mara ngapi, na nitakaa kitako masaa mangapi? Maana mwezi wa kwanza kazi yako ni kutembea kidogo kidogo mara nyingi, kutokaa muda mrefu, kutoinama, kutobeba, na kutojipinda kiuno. Basi. Mazoezi magumu ya kujenga misuli yanakuja baadaye, mara nyingi kuanzia wiki ya nne mpaka ya sita hivi.

Mi asubuhi ya pili tu baada ya kupasuliwa nesi kaja kasimama pembeni ya kitanda, kaniambia haya shikamoo zimeisha, leo unashuka. Nikamwambia sista mi bado, akacheka. Akanifundisha kugeuka kama gogo, yaani unakunja magoti kwanza ukiwa chali, afu bega na nyonga vinageuka pamoja kwa wakati mmoja kama mbao, usitangulize bega nyonga ikabaki nyuma, ukishalala ubavu unashusha miguu nje ya kitanda huku mkono unasukuma godoro, uzito wa miguu ukishuka kiwiliwili kinapanda chenyewe. Nilifanya mara ya kwanza nikatoka jasho kama nimepanda mnazi. Nikasimama nikahesabu mpaka 20, nikatembea mpaka mlangoni nikarudi. Hatua kumi na nne. Ule moto wa mguuni uliokuwa unashuka kama waya wa umeme haukuwepo, ila ganzi ilikuwepo, na nikaambiwa ganzi inaweza kuchukua miezi, mshipa hauponi haraka kama kidonda.

Sasa kwa nini wanakuinua mapema hivyo? Damu ya miguuni ikituama inaweza kuganda, na hilo bonge likisafiri mpaka kwenye mapafu linaua. Mapafu nayo yanahitaji pumzi ndefu, utumbo unahitaji mwendo, misuli ikilala siku chache tu inalegea. Hapa ndo tunapogongana na wazee wetu, kwao mtu aliyepasuliwa ni kama mzazi, analala ndani mpaka arobaini, analetewa uji, anageuzwa. Mama mdogo alipofika kijijini alilazwa chali kwa heshima zote kama mwali, wiki nzima anaamka kwenda haja tu. Alipokuja kusimama vizuri magoti yanatetemeka.

Dar

Faida ya Dar ni moja lakini kubwa, aliyekupasua yuko karibu. Wengi wa kusini tukipewa rufaa ya mgongo tunaishia Muhimbili pale MOI, ile taasisi ya mifupa, na kidonda kikivuja usiku au mguu ukiishiwa nguvu ghafla, kurudi kwa watu wanaoijua faili yako ni bora kuliko kuanza kujieleza upya mahali pengine. Kwa mwenye vyuma hili lina uzito zaidi, kidonda chake kirefu, damu imetoka nyingi, maumivu ya wiki mbili za kwanza ni ya kiwango kingine.

Hasara ya Dar nitaisema kwa siku moja tu. Siku ya kliniki nimetoka Mbagala kwenye bajaji, foleni imesimama, nimeambiwa nisikae zaidi ya nusu saa bila kusimama na mi niko masaa mawili kitako nimeshikilia chuma cha mbele, kila shimo nabana makalio na tumbo kama naambiwa nipige picha. Kurudi hivyo hivyo. Siku hiyo ilinirudisha nyuma siku mbili. Kwenye ramani ni karibu, kiuno hakisomi ramani.

Na nyumbani penyewe, nyumba ya kupanga, korido ya hatua kumi na mbili, wapangaji sita, ndoo za watu, jiko la mkaa, mtoto kaacha kigari, nje kichochoro cha bodaboda. Nilikuwa natembea korido kwenda na kurudi mara kumi, napumzika, narudia. Mdogo wangu anatoka saa kumi na moja alfajiri anarudi saa mbili usiku, shemeji naye ana genge lake, kwa hiyo mchana niko peke yangu, na kitu kikianguka chini kinabaki chini. Simu ilianguka siku moja saa nne asubuhi nikaitazama mpaka saa nane. Sikuinama lakini, najisifu hapo.

Njia ya kurudi

Hii watu wanaisahau kwenye hesabu. Dar mpaka Mtwara ni kama kilomita 560, kwa basi siku nzima imekwenda, na mvua zikiharibu barabara kama ilivyotokea 2024 madaraja ya upande wa Kilwa na Somanga yalipokatika hapo hujui utalala wapi. Ndege ni kama saa moja tu angani.

Mi familia ilichanga nikapanda ndege. Muulize daktari kwanza kama inaruhusiwa kwa siku ulizofikisha, omba karatasi yake maana shirika la ndege wanaweza kuidai, na ukifika uwanjani omba kiti cha magurudumu bila aibu, yaani mi nilitaka kujikaza kiume nikatembea, foleni ya ukaguzi ikanifundisha adabu.

Ukienda kwa basi siti za mbele au katikati, kamwe usikae nyuma ya tairi la nyuma, kule unarushwa. Ongea na konda kabla gari haijaondoka, mwambie nimepasuliwa mgongo kila mkisimama nitashuka, na katikati ya vituo unasimama kwenye kijia umeshika siti dakika mbili tatu barabara ikiwa tulivu. Vifundo vya miguu unavipiga juu chini, juu chini, mara ishirini kila baada ya muda, na maji unakunywa hata kama utasumbua watu kwa haja ndogo. Watu wengi hawanywi maji safarini makusudi, kwa mgonjwa wa operesheni sio poa.

Mama mdogo alikodiwa Noah, siti zimelazwa, godoro juu, yeye juu ya godoro. Kwa macho inaonekana ndo raha kuliko zote. Lakini mtu aliyelala bila mkanda kila breki anateleza, kila tuta anaruka, na mikono inajishika popote kwa kujipinda, ndo kile kile alichokatazwa. Matuta na rasta za barabara ya kusini mnazijua. Lami ya njia ya Tandahimba walifika nayo Mnivata, kilomita 50 kutoka Mtwara, baada ya hapo kipindi kile ilikuwa vumbi na makorongo. Alisema alihesabu mbavu zake zote. Kama ni gari binafsi bora kiti cha mbele kilicholazwa nyuma kidogo, taulo limekunjwa nyuma ya kiuno, mkanda umefungwa, na kusimama kila baada ya nusu saa au dakika 45 kutembea kidogo.

Mtwara mjini

Sikwenda kwangu. Kwangu Magomeni choo ni cha kuchuchumaa, nikaenda kwa dada Shangani ambaye ana choo cha kukaa na baraza ya sakafu. Mke wangu alinuna kidogo siku ya kwanza, ya pili akaona mwenyewe navyotoka chooni bila kupiga kelele akanyamaza.

Uzuri wa Mtwara kwa mgonjwa wa mgongo, mji umetulia na kwa sehemu kubwa ni tambarare. Ubaya, mchanga. Ukitoka nje ya baraza tu woka, ile fremu ya kushikilia ukitembea, inazama, mguu wenye ganzi hauinuki vizuri unakwama, na kutembea kwenye mchanga kiuno kinafanya kazi mara mbili. Kwa hiyo nilikuwa natembea lami, saa kumi na mbili asubuhi kabla ya jua na bodaboda, na jioni tena. Nilianza na kutoka nguzo ya umeme mpaka nguzo ya pili, wiki ya pili nguzo nne, wiki ya nne nikawa natembea dakika 20 bila kusimama mara mbili kwa siku. Sheria niliyopewa ni kwamba maumivu ya mgongo kwenye kidonda ni ya kawaida mradi yakipumzishwa yanashuka, ila maumivu yakianza kushuka mguuni zaidi kuliko jana ujue umezidisha, punguza. Wenzangu wa Lindi mtachagua zaidi, mji una ule upande wa pwani ulio bapa na upande wa mlimani, mgonjwa akae chini huku.

Kutoka Shangani mpaka hospitali ya Ligula ni dakika chache tu kwa bajaji. Nyuzi nilitolewa huku huku siku ya 13, kwa barua niliyotoka nayo Dar. Hiyo barua ni dhahabu, usitoke Dar bila karatasi inayosema umefanyiwa nini, pingili ipi, tarehe gani, dawa zipi na kipi umekatazwa. Na ya pili, ile hospitali ya rufaa ya kanda pale Mitengo ni ya kuulizia pia, Lindi kuna Sokoine, na wa Masasi wana Ndanda, wa Mtama wana Nyangao. Piga simu au tuma mtu aulize siku za fizio, yaani tiba ya mazoezi, kabla hujamsafirisha mgonjwa, kuna mahali niliwahi kwenda nikaambiwa mtaalamu yuko semina nikageuza na bajaji yangu, hela imekwenda na kiuno kinauma.

Fizio ya hospitali au mazoezi ya nyumbani

Hapa ndo nilikuwa na wasiwasi kweli, nikiwaza aliyebaki Dar anapata fizio kila siku mi napata mara moja kwa wiki, si nitabaki kilema? Kuna mapitio ya tafiti ya 2014 ya Cochrane, hao ni watu wanaokusanya tafiti na kuzipima, kuhusu mazoezi baada ya operesheni ya diski, mtaalamu mmoja alinieleza afu nikaja kuyasoma mwenyewe. Wanasema wanaofanya programu ya mazoezi kuanzia wiki ya nne mpaka ya sita maumivu na ulemavu vinapungua haraka kuliko wasiofanya chochote, na mazoezi hayakuonekana kuongeza watu wa kupasuliwa tena. Sasa kitamu kwangu kilikuwa kwamba kati ya wanaosimamiwa na wanaofanya nyumbani hawakuona tofauti kubwa. Ushahidi wenyewe wanakiri sio wa nguvu sana, na unahusu diski, sio vyuma, ila ulinitoa hofu.

Kwa hiyo mi nilichofanya, nilikwenda kwa fizio mara tano jumla, sio thelathini. Mara ya kwanza kunipima nguvu za mguu na kunifundisha, mara zilizofuata kunirekebisha. Katikati nafanya nyumbani, na ukweli ni kwamba aliyenisaidia kuliko yeyote ni mtoto wa dada wa darasa la sita aliyekuwa ananihesabia na kuniambia anko umedanganya hiyo ni nane sio kumi.

Mazoezi yenyewe ya mwanzo ukiyaona utacheka. Kupiga vifundo juu chini. Kubana paja kulinyoosha goti kitandani, unahesabu tano unaachia. Kubana makalio. Kuvuta kisigino taratibu kuelekea makalioni ukiwa chali afu unarudisha. Kubana tumbo la chini taratibu kama unafunga zipu ya suruali iliyokubana, huku unaendelea kupumua, maana wengi tunabana tumbo tunashikilia na pumzi. Ndo hayo. Hakuna kugusa vidole vya miguu, hakuna kuinuka kiwiliwili kama jeshini, hakuna kujinyoosha mpaka mgongo ulie, na kama umefungwa vyuma hata haya unayafanya baada ya daktari wako kusema.

Mguu ukiwa umelegea kama wangu au kama huwezi kusimama kwa vidole au kisigino, hapo nyumbani peke yake hapatoshi, mtafute fizio mara nyingi zaidi. Vilevile mzee, mwenye kisukari, na mwenye woga uliopitiliza, yule anayekataa kabisa kushuka kitandani. Huyo anahitaji mtu wa nje wa kumwamuru, ndugu hawamwezi.

Kijijini

Nimeshasema mama mdogo alianza vibaya. Sasa nieleze choo, maana choo ndo kilikuwa kesi kuu. Choo cha shimo, cha kuchuchumaa, hatua kama thelathini kutoka nyumbani. Kuchuchumaa kunakunja kiuno mpaka mwisho, na kuinuka pale bila kushika kitu ni mtihani hata kwa mzima. Juu ya hapo alikuwa anatumia tramado ya maumivu, na hizo dawa zinafunga choo, siku ya tano hajapata haja, anasukuma, kidonda kinavuta, analia. Binamu yangu mmoja akachukua kiti cha plastiki cha kawaida, akapasha kisu kwenye moto akakata tundu katikati la ukubwa wa sahani, kingo akazisaga zisikwaruze, akaweka mbao mbili juu ya tundu la choo ili miguu ya kiti isizame, na pembeni akachimbia gogo la kushikilia. Kazi ya saa moja. Nawaambia kile kiti kilimsaidia kuliko mkanda wa mgongo wa laki na kitu alionunuliwa. Papai, mboga za majani na maji mengi vikamalizia kazi.

Kuoga, ndoo inawekwa juu ya stuli isiwe chini, kidonda kinalindwa kisilowe mpaka kikauke. Kula, kwenye kiti chenye egemeo, mkekani hapana. Kitanda cha kamba kilichobonyea kinamkunja mtu kama machela, walimbadilishia cha mbao na godoro gumu kiasi, miguu ya kitanda wakaipandisha kwa matofali ili kukaa na kuinuka kusiwe kazi. Maji hachoti, ndoo ya lita 20 ni kilo 20 na yeye kaambiwa mwisho wake kilo mbili, mfuko wa sukari. Ufagio wa chelewa marufuku. Swala alikuwa anasali amekaa kwenye kiti, mwanzoni alikataa anasema sujudu yangu itakuwa ya nani, mpaka shehe alipokuja kumwona akamwambia mgonjwa karuhusiwa.

Na mkandaji. Hili nalisema kwa sauti. Bibi mmoja alikuja na maji ya moto na mafuta yake ya nazi, nia njema kabisa, anataka kumkanda mgongo siku ya tisa. Walimzuia kwa adabu, walimpa chai na nusu kilo ya sukari aende nayo. Kidonda kibichi na pingili zinazotafuta kushikana havikandwi. Na shavu la mguu likivimba upande mmoja, likiuma na kuwa la moto, ndo kabisa usiliguse, hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda, hospitali moja kwa moja.

Ila sasa kijiji kilipomshinda Dar ni kwenye kutembea. Shamba la korosho liko nyuma ya nyumba, chini ya miti pameshafagiliwa kwa msimu, ardhi ngumu, kivuli tangu asubuhi. Alikuwa anatembea kutoka mkorosho mpaka mkorosho, kila mmoja kuna gogo au kiti cha kushika, na kila wakati kuna mtu, mtoto, jirani, shangazi, anatembea naye anapiga stori. Wiki ya tatu alikuwa mikorosho kumi kwenda na kurudi. Mi kwenye korido yangu ya Mbagala nilikuwa nazunguka ndoo za watu tu. Hela pia, hakulipa kodi wala bajaji.

Kosa lake lilikuja wiki ya tano, Oktoba, korosho zinadondoka. Anatembea zake, kaona mabibo mawili yameanguka na korosho zake safi, mkono ukaenda wenyewe. Aliinama kutoka kiunoni miguu imenyooka, kama alivyookota miaka hamsini. Akabaki pale pale ameshika mti mpaka wakaja kumchukua. Bahati vyuma havikusogea, ila alipoteza wiki mbili. Mwenye vyuma mfupa unachukua miezi sita mpaka mwaka kushikana, na wa diski naye ana hatari yake, inatajwa kati ya watu 100 kama 5 mpaka 15 diski inachomoza tena. Kwa hiyo kama msimu wa korosho umekaribia na mgonjwa ni mtu wa shamba asiyeweza kutazama korosho chini, mpeleke mjini. Sitanii.

Mkanda, woka, fimbo

Woka kwa sakafu na lami wiki za kwanza, kijijini kwenye ardhi isiyo sawa fimbo ndefu na bega la mtu vinafaa zaidi. Magongo ya kwapani mi sikuyapenda, yanakuinamisha. Mkanda wa mgongo vaa kama daktari wako kaagiza na kwa muda aliosema, usinunue mwenyewe ukalala nao miezi mitatu, misuli inazoea kubebwa. Ukifungwa vyuma usijinunulie diklofenaki dirishani bila kuuliza, baadhi ya madaktari hawaitaki wakati mfupa unashikana, na sigara wote hawaitaki.

Cha kupima kabla ya kuamua kijiji

Usiku wa manane utafikaje hospitali? Maana kuna mambo hayasubiri kuche. Mkojo kugoma au kutoka wenyewe, haja kubwa kutoka bila kujijua, ganzi sehemu za siri na kwenye makalio pale unapokalia tandiko la baiskeli, mguu kuishiwa nguvu ghafla. Hiyo ni ya masaa, mshipa ukikandamizwa muda mrefu haurudi. Homa na kidonda kutoa usaha au maji maji, kifua kubana na pumzi kukata, nazo hivyo hivyo. Kama jibu la familia ni tutatafuta bodaboda, basi hapo wiki mbili za kwanza sio mahali pake. Kama jirani ana gari na namba yake iko ukutani, sawa.

Mi nilirudi kwenye cherehani wiki ya saba, dakika 25 nashona, nasimama, nazunguka kibanda, narudi, na stuli nimeigawa nimenunua kiti chenye egemeo. Kidole gumba kimerudi karibu chote, unyayo kwa nje bado una ganzi ukubwa wa shilingi mia. Mama mdogo anatembea mpaka sokoni mwenyewe, korosho siku hizi anaokotewa na wajukuu huku yeye kasimama anaelekeza, na kelele zake mtaa mzima unazisikia. Kiti kilichotobolewa kimeshapita nyumba tatu tangu hapo, sasa hivi kiko kwa mzee mmoja aliyevunjika nyonga.